Nywele haziyeyuki: tuliyojifunza kuhusu bonge la nywele tumboni

Ukitaka kujua bonge la nywele limekaa tumboni muda gani, soma daftari la mgonjwa. Vijijini Bahi, Chemba au Mpwapwa, mkoani Dodoma, wengi huja na daftari la shule lililogeuzwa kuwa faili la zahanati, na safari yote imo humo. Husomeka hivi: Machi, minyoo, albendazole 400 mg. Mei, taifodi, vidonge vya siku saba. Juni, U.T.I. Agosti, vidonda vya tumbo. Septemba, kipimo cha mimba, hasi. Oktoba, kipimo cha mimba tena, hasi. Miandiko mitano, kalamu za rangi mbili, na hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja kichwa cha mgonjwa wala mkono wake. Uzito nao hauandikwi. Ungeandikwa, ungeonekana ukishuka kilo moja moja kila ukurasa.

Tulio upande wa wodi ya upasuaji huuona ugonjwa huu mara chache, na ukifika kwetu huwa umeshapewa majina mengine yote. Haya ni yale ambayo tungependa mtu wa zahanati, mwalimu, mzazi na msusi ayajue mapema, binti akiwa bado na nguvu za kutembea hadi kituo cha afya.

Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja nywele. Nywele imejengwa kwa keratini, protini ya jamii moja na ile ya kucha na pembe. Ukimeza unywele mmoja au miwili hakuna neno, hupita na choo. Shida ni kumeza kila siku. Chakula husukumwa na mikazo ya mfuko wa chakula kwa sababu kina uzito na kinashikika. Nywele ni nyepesi na laini, huteleza chini ya mkazo na kunasa kwenye makunyanzi ya ukuta wa mfuko. Zinazofuata hujisokota kwenye zilizotangulia. Ute, mafuta na mabaki ya ugali hujaza nafasi zilizobaki, na miezi ikipita panakuwa na kitu kimoja kilichochukua umbo la mfuko wenyewe, kama tofali lililotoka kwenye kalibu. Asidi hubadilisha protini ya nywele, hivyo bonge hutoka jeusi hata kama aliyezimeza ana nywele za rangi ya dhahabu. Mafuta yaliyonaswa humo huchacha. Ndiyo maana kinywa cha mgonjwa hunuka, na mswaki hausaidii kitu.

Si ugonjwa mpya wala wa huku peke yake. Baudamant aliuandika kitabibu mwaka 1779. Mwaka 1968 Vaughan na wenzake wakaeleza hali ambayo bonge halikomei kwenye mfuko wa chakula, bali lina mkia uliopenya mlango wa chini na kuingia utumbo mwembamba. Wakauita sindromu ya Rapunzel, kwa jina la binti wa ngano ya Kijerumani aliyeshusha nywele zake dirishani. Na wanaodhani bonge haliwezi kuwa kubwa wakumbuke binti wa miaka 18 wa Chicago ambaye kisa chake kilichapishwa mwaka 2007: bonge lake lilikuwa na uzito wa kilo 4.5, na kabla ya kutolewa alikuwa amepungua kilo 18.

Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa ni wanawake, wengi wao mabinti wa kati ya miaka 10 na 19. Hapo ndipo watu wa kwetu huuliza: mbona shule za serikali huwanyoa wanafunzi, nywele atazipata wapi? Swali zuri, lakini limewaponza wengi. Mwenye tabia hii hali nywele za kichwani mwake tu. Hula rasta za dada yake, nyuzi za wigi, nywele za mdoli, zilizobaki kwenye kitana, manyoya ya blanketi, nyuzi za sweta au za zulia. Nyuzi za plastiki za rasta hazina keratini, lakini hazimeng'enywi pia, na kwa urefu wake hufunga bonge vizuri kuliko nywele fupi. Kichwa kilichonyolewa hakimwondoi mtu kwenye orodha ya wanaoshukiwa.

Kuhusu chanzo, wengi wana maradhi ya kung'oa nywele: mtu hujisikia ana mkazo ndani, mkono hupanda kichwani, hung'oa, hupata nafuu kidogo, kisha hupitisha unywele mdomoni. Kwa wengi mkono huenda wenyewe wakati wa kusoma, kuangalia televisheni au kusubiri usingizi. Baadhi ya wanaong'oa humeza, na wachache kati ya hao ndio hufikia bonge. Wengine wana hamu ya kula visivyoliwa, na damu yao ikipimwa madini ya chuma yako chini sana. Huku kwetu udongo wa kula unauzwa sokoni na hakuna anayeshtuka, kwa hiyo mtoto akila udongo na mkaa hachunguzwi. Achunguzwe. Na aulizwe kama anakula na kingine.

Dalili ya kwanza, ambayo mama huiona lakini haisemi kwa sababu haionekani kama ugonjwa, ni kushiba upesi. Binti aliyekuwa akimaliza sahani anakula matonge matatu anasogea pembeni. Kisha maumivu ya chembe ya moyo, kichefuchefu, kutapika chakula cha jana, kukonda. Anapauka. Wengine miguu huvimba kwa kupungua protini kwenye damu. Wakati mwingine hupata choo chenye nywele, na hapo ndipo familia huacha njia ya hospitali na kushika nyingine.

Tuseme wazi, kwa sababu wasomaji wengi wanajua tunachozungumzia. Nywele zikionekana kwenye choo au matapishi, jibu la haraka mtaani ni kwamba binti amelishwa. Hupelekwa kwa mtaalamu wa chuku, anachanjwa, pembe inanyonywa, na mwisho nywele zinatemwa kwenye karai mbele ya watu wote. Familia hurudi nyumbani ikiamini kitu kimetoka. Mfuko wa chakula hauna njia ya kutokea kwenye ngozi; nywele zilizotemwa zilikuwa mdomoni au kiganjani tangu mwanzo. Hasara yake kubwa ni muda, kwa sababu baada ya hapo binti akiendelea kutapika huambiwa anatibiwa na mengine. Kubishana na bibi aliyemleta hakusaidii. Msalimie kwanza kwa lugha yake, mbukwenyi kama ni Mgogo, umwache aeleze yote, kisha umwombe mkono wake uuweke juu ya uvimbe aushike mwenyewe. Mtu akishashika kitu kigumu chini ya mbavu za mjukuu wake, mazungumzo hubadilika.

Kushika tumbo ndiko kunakogundua wengi, na hakuhitaji mashine. Mlaze chali, magoti yakunjwe kidogo ili misuli ya tumbo ilegee. Pasha viganja joto, hasa asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma, maana mkono wa baridi hukaza tumbo na hutashika chochote. Anza chini kwenye kinena, panda taratibu. Bonge hukutwa kwenye chembe ya moyo likielekea chini ya mbavu za kushoto: gumu, laini juu, kingo zinafuatika kwa vidole, husogea juu na kando ukilisukuma, na halimuumi sana. Ukilibonyeza pole pole linaweza kubonyea kama unga uliokandwa na kutoa mkwaruzo mdogo chini ya vidole.

Bandama ndilo huchanganya zaidi kwenye maeneo ya malaria. Bandama hushuka kuelekea kinena cha kulia mgonjwa akivuta pumzi, ukingo wake una pengo, na vidole haviwezi kupita kati yake na mbavu. Bonge mara nyingi huachia nafasi hiyo. Na mimba hukua kutoka chini kwenda juu: wiki ya 12 mji wa mimba ndiyo kwanza unachungulia juu ya mfupa wa kinena, wiki ya 20 uko usawa wa kitovu. Tumbo lililojaa juu ya kitovu na tupu chini yake si mimba, na halihitaji kipimo cha pili cha mkojo mbele ya walimu. Hata baada ya waraka wa serikali wa 2021 kuwaruhusu waliojifungua kurudi shuleni, binti anayetapika asubuhi bado hutazamwa kwa jicho hilo moja, na akishatazamwa hivyo huacha kusema kinachomuuma.

Ukimaliza tumbo, nenda kichwani. Vua kilemba. Mapunye huacha duara lenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi, kichwa kinawasha na huenda wadogo zake wanayo. Kung'oa kwa mkono huacha eneo la umbo lolote, ngozi safi bila magamba, na nywele za urefu usiolingana: hizi zimeota jana, zile wiki iliyopita, nyingine ndefu zimeponea. Mara nyingi ni upande wa mkono anaoutumia, au utosini. Angalia nyusi na kope pia. Anayeyaona haya kabla ya wote ni msusi. Yeye ndiye anayepitisha vidole kichwani kila wiki mbili, na ndiye husema "hapa kwenye utosi hapashiki msuko" kisha akaficha kwa rasta. Laiti angemwita mama pembeni.

Maswali yaulizwe mzazi akiwa nje ya chumba. Ukimuuliza binti "unakula nywele?" atakataa, na kwa haki: swali lina aibu ndani yake. Tumeona linalofungua mazungumzo ni hili: "Mwanangu, ukiwa peke yako unasoma, mkono wako hupenda kukaa wapi?" Halafu: "Ukishang'oa, unafanya nini na ule unywele?" Muulize kama vile unauliza kuhusu usingizi. Ukiuliza kwa mshangao, umeshafunga mlango.

Kipimo cha kwanza kinachopatikana kwa urahisi ni ultrasaundi. Mgonjwa afunge saa 6 hadi 8 ili chakula kisichanganye picha. Bonge huonekana kama mstari mmoja mweupe uliojipinda, na nyuma yake giza tupu, kwa sababu nywele na hewa iliyonaswa humo hurudisha mawimbi yote. Hapa ndipo kosa hutokea: mpimaji ambaye hakuambiwa kuhusu nywele huandika "gesi nyingi tumboni" na mgonjwa anarudi kwenye dawa za gesi. Kwa hiyo fomu ya kipimo iandikwe wazi: uvimbe wa chembe ya moyo, anashukiwa kumeza nywele. Kipimo cha CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, kikipatikana huonyesha vizuri zaidi. Bonge huonekana kama kitu chenye vitundu vya hewa kama sifongo, kinachoelea bila kushikamana na ukuta, na mkia wake hufuatika hadi mwisho. Kamera ya tumboni, inayopitishwa mdomoni, huthibitisha kwa macho. Pamoja na hayo pima wingi wa damu, kundi la damu, potasiamu, figo na protini. Anayetapika kwa miezi hupoteza potasiamu, na moyo hauipendi hali hiyo ukimpa dawa ya usingizi.

Sasa habari ya soda. Kila mgonjwa akija, kuna ndugu aliyesoma kwenye simu kwamba Coca-Cola huyeyusha bonge. Hajadanganywa, ila amesoma nusu. Kuna mabonge ya nyuzi za mimea, yanayowapata zaidi wazee wasio na meno, wenye kisukari cha muda mrefu na waliowahi kukatwa mfuko wa chakula, wakimeza nyama za chungwa au embe za nyuzi bila kutafuna. Hayo, madaktari wa Ugiriki wameonyesha kwamba lita 3 za soda hiyo zikinywewa au kupitishwa kwa mpira wa puani ndani ya saa 12, karibu nusu huyeyuka, na ukiongeza kamera ya kuyavunja, zaidi ya asilimia 90 hutoka. Nywele si nyuzi za mimea. Unaweza kumnywesha kreti nzima, bonge litabaki vilevile na utakuwa umeongeza maji kwenye mfuko uliokwisha kujaa. Papai na unga wake wa kulainisha nyama nao usijaribiwe: kimeng'enya chake kimewahi kutumika kwa mabonge ya mimea, kikaripotiwa kuchubua mfuko wa chakula na hata kutoboa umio. Dawa ya minyoo haihusiki kabisa. Na mafuta ya nyonyo au dawa yoyote ya kuharisha ni hatari, maana utumbo ukisukuma kwa nguvu kipande kikakatika, kitaenda kuziba mbele.

Kamera je? Watu hupenda jibu lisilo na kisu, nasi pia. Lakini mapitio ya wagonjwa 108 yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kutoa bonge la nywele kwa kamera kulifanikiwa kwa asilimia 5 tu ya waliojaribiwa, upasuaji wa matundu madogo asilimia 75, na upasuaji wa kufungua tumbo asilimia 99. Sababu ni ya kawaida kabisa: bonge halipiti kwenye umio, na ukilikata vipande itabidi kamera iingie na kutoka mara nyingi, huku vipande vingine vikiteleza kwenda utumboni au kuangukia njia ya hewa. Bonge dogo, la siku za karibuni, linaweza kujaribiwa kwa kamera. Kubwa, au lenye mkia, ni kisu. Matundu madogo yana faida ya kovu dogo, ila huchukua saa nyingi, na nywele zikimwagika ndani ya tumbo kuziokota moja moja ni kazi ya kulia.

Kabla ya kisu, haraka ipo mara chache: tumbo likiwa gumu kama ubao, homa, mapigo ya juu, au utumbo umeziba kabisa. Nje ya hayo, siku mbili tatu za kumwandaa si kupoteza muda. Mpira wa puani unyonye maji ya tumboni. Hautatoa bonge, lakini hupunguza hatari ya kutapika akiwa usingizini. Dripu hadi akojoe vizuri, angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Potasiamu irudishwe polepole. Damu iwekwe tayari kama wingi wake uko chini ya gramu 7 au 8 kwa desilita. Mtu wa usingizi aambiwe waziwazi kwamba mfuko wa chakula umejaa hata kama mgonjwa amefunga tangu jana. Asiposikia hilo, akamlaza kama mgonjwa mwingine yeyote, matapishi yataingia mapafuni kabla mpira wa hewa haujapita.

Mezani hakuna miujiza. Tumbo hufunguliwa katikati, kuanzia chini ya kidari hadi karibu na kitovu. Mfuko wa chakula huonekana mara moja, umejaa na mgumu, umesukuma kila kitu pembeni. Kabla ya kuukata, zungushia gozi zilizolowa maji ya chumvi ya vuguvugu kila upande, kama unavyotandika vitambaa chini ya sufuria usiyotaka imwagike. Kitakachotoka kina uvundo na bakteria, na kikimwagika ndani utakuwa na usaha wiki ijayo. Weka nyuzi mbili za kuinulia ukuta wa mbele, kata kwa urefu kati ya kingo mbili za mfuko, mbali na mlango wa chini, sentimita 6 hadi 10 kufuatana na bonge. Kisha ingiza vidole kulizunguka, lilegeze, ulitoe taratibu kwa kulipindua. Hutoka zima, jeusi, linang'aa kwa ute, limechukua umbo la mfuko kiasi kwamba unaweza kuonyesha huu ni upande wa umio na huu wa utumbo. Chumba kizima hunuka. Aliyezoea hatashangaa, mwanafunzi aandaliwe kabla.

Mkia ndio unaopima subira ya mpasuaji. Ukiuvuta ukaja, vizuri. Ukikataa, usivute. Mkia mrefu ulionyooka hukusanya utumbo kama kamba inavyokusanya pazia, na hukaa ukisaga ukuta wa upande ule mishipa ya damu inakoingilia. Huko kunaweza kuwa na vidonda vilivyobakiza ngozi nyembamba tu, na mvuto mmoja wa nguvu hutoboa mahali pawili au patatu pasipoonekana kirahisi. Afadhali kufungua utumbo kidogo mahali pengine, kuukata mkia na kuutoa vipande viwili. Halafu lazima utumbo wote upitishwe vidoleni, sentimita kwa sentimita, kutoka kwenye mfuko wa chakula hadi unapoungana na utumbo mpana. Vipande vilivyokatika huko nyuma hupenda kukaa karibu na maungio hayo. Mgonjwa anayerudi siku ya tano tumbo limejaa na hajatoa hewa, mara nyingi ni kipande ambacho hakikutafutwa.

Mfuko hufungwa kwa tabaka mbili za uzi unaoyeyuka wenyewe, tumbo husafishwa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, glavu na vifaa hubadilishwa kabla ya kushona ngozi. Tatizo linalotokea zaidi baadaye ni kidonda cha nje kuchimba.

Jambo moja linatuudhi na tutalisema. Bonge likitoka, simu hutoka pia. Picha hizo huzunguka kwenye magrupu, na kabla mgonjwa hajaamka kijiji chake kinazo. Kama picha inahitajika kwa faili au kwa kufundishia, ipigwe kwa ruhusa, bila jina, bila uso. Mzazi aonyeshwe bonge lenyewe. Mama akitambua rasta ya rangi aliyomsuka bintiye Pasaka, habari ya kulishwa huisha palepale. Binti mwenyewe aonyeshwe akitaka, asilazimishwe.

Baada ya upasuaji mpira wa puani hubaki hadi tumbo lianze kuunguruma na hewa itoke, kwa kawaida siku mbili tatu. Kisha maji kwa vijiko, kisha uji mwepesi, kisha chakula laini. Nyumbani watataka kumlisha afidie miezi yote: mchuzi wa kuku, maziwa, ndizi, yote siku moja. Mtu aliyekonda sana akilishwa ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Aanze kidogo, karibu kalori 10 kwa kilo moja kwa siku kwa aliyedhoofika kabisa, apewe vitamini B1 kabla ya sukari nyingi, aongezewe kila siku huku damu ikipimwa. Vidonge vya madini ya chuma viendelee kwa miezi mitatu au zaidi. Asipovimaliza, hamu ya kula visivyoliwa inaweza kurudi.

Kushona tumbo ndiyo sehemu tunayoiweza vizuri. Mkono ndio tatizo, maana unatoka wodini naye. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, watu wenye ujuzi huo, na hapohapo tuna utani wa miaka mingi unaofanya jina hilo liwe tusi. Ukimwandikia binti rufaa ya Mirembe bila maelezo, karatasi itaishia chini ya godoro. Mwambie mzazi kwamba ni kliniki, anaenda na kurudi, na kwamba hospitali za rufaa za mikoa nazo zina huduma ya afya ya akili. Bora zaidi mtaalamu aje wodini kabla mgonjwa hajatoka, wajuane sura.

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni mafunzo ya kubadili mazoea. Kwanza binti ajue mkono unapanda lini: aandike kwa wiki moja saa, mahali na alichokuwa akifanya. Pili, kila akihisi mkono unaanza, akunje ngumi na kuishikilia kwa dakika moja au zaidi, hadi hamu ipungue. Tatu, apate mtu mmoja nyumbani wa kumkumbusha kwa upole, si kwa kofi. Mikono ipewe kazi: kutunga shanga, kuchambua maharage, kupukuchua mahindi. Kilemba usiku, nywele fupi, rasta ziondolewe kwenye kitanda anacholala. Dawa ya N-acetylcysteine, miligramu 1200 hadi 2400 kwa siku, ilisaidia zaidi ya nusu ya watu wazima kwenye utafiti wa 2009, lakini jaribio la watoto lililofuata 2013 halikuonyesha faida, kwa hiyo hatuitegemei kwa binti wa miaka 13. Na lililomo nyuma ya mkono liulizwe: msiba, kuhamishiwa kwa shangazi, kipigo, mtu anayemwingilia usiku. Afisa ustawi wa jamii aitwe mapema, asisubiri siku ya kulipia bili.

Arudi baada ya wiki mbili, wiki sita, miezi mitatu na miezi sita. Kila mara apimwe uzito, ashikwe tumbo, avuliwe kilemba, na ultrasaundi irudiwe kukiwa na shaka. Anayetoka mbali, tuseme Kondoa, hatarudi mara nne, nauli haitamruhusu. Kwa hiyo siku ya kutoka mnunulie daftari jipya, na ukurasa wa kwanza uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mtu yeyote wa zahanati asome: ALITOLEWA BONGE LA NYWELE KWENYE MFUKO WA CHAKULA, MKIA HADI UTUMBO MWEMBAMBA. UZITO LEO KILO 31. AKISHIBA UPESI AU AKITAPIKA, MSHIKE TUMBO NA MWANGALIE KICHWA KABLA YA KUMPA DAWA YOYOTE.